Taa ya Oveni Ikizima, Je, Iko Tayari kwa Mkate?

Tangu bei ya ngano ilipopanda mwaka 2022, na mkate wa dukani ukapanda nayo, majirani zangu wa hapa Kireka, kando ya Kampala, wameniuliza swali moja kuliko maswali mengine yote ya jikoni: oveni ipashwe moto kwa muda gani kabla mkate haujaingia? Mmoja amesoma mahali kwamba dakika 10 zinatosha. Mwingine alifundishwa na shangazi yake asubiri nusu saa. Wa tatu, ambaye mita yake ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, humkumbusha kila jioni kwamba uniti zinakwisha, anashikilia kwamba kupasha oveni tupu ni kuchoma fedha, na kwamba mkate uingie oveni ikiwa baridi. Ajabu ni kwamba wote watatu wamewahi kupata mkate mzuri, na wote watatu wamewahi kutoa kitu kizito chenye tumbo bichi. Ubishi wao hauishi kwa sababu kila mmoja anatafuta idadi moja ya dakika itakayofaa siku zote, ilhali idadi hiyo haipo. Kilichopo ni kanuni moja isiyo ngumu, na mtu akiishika anaweza kujipangia muda mwenyewe kulingana na oveni yake, mkate wake na umeme wa siku hiyo.

Kupasha oveni moto ni kuiwasha ikiwa tupu na kuipa nafasi ya kuweka akiba ya joto kabla mkate haujaingia. Neno la kushika hapo ni akiba. Katika oveni ya umeme, kinachotoa joto ni koili, ule waya mnene uliopinda ambao huwa mwekundu, juu au chini au pande zote mbili. Themostati ni swichi inayopima joto kwa kijiti chembamba cha chuma kilichobanwa karibu na ukuta wa ndani. Joto likifika pale ulipozungusha kitufe, huizima koili, na likishuka huiwasha tena. Ile taa ndogo ya mbele haina habari na oveni nzima. Inatangaza tu kwamba themostati imezima koili, yaani hewa inayokizunguka kile kijiti imefika kwenye nyuzijoto ulizoomba. Hewa kupata moto ni jambo moja, na oveni kupata moto ni jambo jingine kabisa.

Hewa hupata moto upesi kwa sababu ni kidogo mno. Katika mwinuko wa Kampala, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yote iliyomo ndani ya oveni ya lita 60 ina uzito wa gramu 60 hivi, ambao ni uzito wa yai moja la kuku. Koili ya wati 2,000 ingeweza kuipandisha hewa hiyo kutoka joto la chumba hadi nyuzijoto 200 kwa sekunde sita tu, kama ndani kungekuwa na hewa peke yake. Lakini oveni ina kuta, sakafu, mlango wa kioo, nyavu za chuma na trei, na vitu hivyo vikifika kilo 15 vitaihitaji koili ile ile ifanye kazi bila kupumzika kwa takriban dakika 11, hata kabla ya kuhesabu joto linalovuja nje. Taa inapozima mara ya kwanza, mara nyingi hewa imekwisha kufika na chuma bado kiko njiani. Ukifungua mlango wakati huo ili uingize mkate, ile hewa yenye uzito wa yai inakupuliza usoni na kutoka, inaingia hewa ya jikoni, na oveni haina kitu cha kuipasha hewa hiyo mpya isipokuwa koili.

Mwenye nyumba ya mabati analijua jambo hili bila kufundishwa. Saa saba mchana mabati yanaunguza, lakini jua likizama yanapoa kabla hata chakula cha jioni hakijaiva, ilhali ukuta wa matofali uliopigwa na jua la alasiri ukiuegemea saa tatu usiku bado una uvuguvugu. Bati halikuwa na akiba. Tofali lilikuwa nayo. Waokaji wa zamani walijenga kazi yao yote juu ya tofauti hiyo. Utotoni mwangu huko Mbale nilikuwa nikitumwa mkate alfajiri kwenye tanuri la matofali lililotumia kuni, na kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini mwokaji anakokota makaa yote nje, anafuta sakafu ya tanuri kwa gunia lililoloweshwa, kisha anaingiza mikate mahali pasipo na moto hata chembe. Kabla ya kuingiza alirusha ngano kidogo sakafuni na kuitazama: ikigeuka nyeusi papo hapo, alisubiri, ikigeuka rangi ya kahawia polepole, alianza kazi. Mkate ule ulioka kwa joto lililokuwa limelala ndani ya matofali. Oveni zetu za nyumbani zina koili zinazowaka na kuzima, na kwa hiyo tumesahau kwamba kuta ndizo zinazooka.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya mkate wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo sababu ya kuharakisha joto inapoonekana. Donge likiingia kwenye moto, hamira hufanya kazi kwa pupa katika dakika zake za mwisho, mpaka donge lifike nyuzijoto 55 hadi 60, ambapo hamira hufa. Wakati huo huo vipovu vya gesi vilivyomo ndani vinatanuka kwa joto, na sehemu ya maji inageuka mvuke na kuvisukuma zaidi. Mkate unapanda kwa macho yako, kwa kawaida ndani ya dakika 10 za kwanza. Kisha wanga wa ngano unaanza kuvimba na kukaza, protini zinashikana, ganda la nje linakauka, na umbo linabaki hapo hapo lilipofika. Kuna mashindano ya pande mbili: ndani inataka kupanda, na nje inataka kukaza. Joto likitoka chini na pande zote kwa nguvu, ndani inapata nafasi ya kupanda kabla nje haijafunga.

Oveni ambayo imepashwa moto kwa hewa tu inayavuruga mashindano hayo kwa namna ambayo kila mwokaji wa nyumbani ameiona. Mlango umefunguliwa, hewa imetoka, themostati inaona baridi na kuwasha koili kwa nguvu zake zote. Koili ya juu inakuwa nyekundu na kuupiga mkate utosini moja kwa moja, huku sakafu na trei vikiwa bado vinatafuta joto. Juu kunakauka na kupata rangi mapema, chini kunabaki kweupe na laini kama uji uliopoa, na gesi iliyokwama ndani inatafuta njia, hivyo mkate unapasuka ubavuni. Anayeuona mkate wa namna hiyo husema oveni ina moto mkali mno, naye hupunguza nyuzijoto safari ijayo, na kwa kufanya hivyo anaongeza ugonjwa. Mkate uliopasuka ubavuni ukiwa mweusi juu na mweupe chini, mara nyingi sana, ulihitaji oveni iliyosubiriwa dakika 15 zaidi.

Je, ni dakika ngapi basi? Kwa oveni ya umeme iliyoshikana na jiko, yenye kuta nene, mimi huhesabu dakika 10 hadi 15 baada ya taa kuzima mara ya kwanza, au niiache taa iwake na kuzima mara tatu. Jumla yake huwa karibu dakika 25. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia kwa mkate wa kawaida, na kutoka hapo mtu hupanda au hushuka.

Mkate unaookwa ndani ya tini hauna haraka kubwa. Tini inauzunguka na kuushikilia, kwa hiyo hata joto likija polepole hautatandazika. Nyuzijoto 180 hadi 190 na dakika 15 au 20 za kupasha zinautosha. Mkate mtamu wenye maziwa, sukari na siagi unataka joto la chini zaidi, 170 au 180, kwa sababu sukari na maziwa hupaka rangi mapema, lakini si sababu ya kufupisha kusubiri: kinachopungua ni nyuzijoto, akiba inabaki ile ile. Mkate wa mviringo unaokaa wazi juu ya trei bila kitu cha kuushika pembeni ndio mlafi kuliko yote. Huo unataka nyuzijoto 220 au 230 mwanzoni, na unataka trei nzito iliyokaa ndani ya oveni tangu mwanzo, ili donge litue juu ya chuma cha moto na kuruka juu badala ya kumwagikia pembeni. Anayetumia jiwe la kuokea au chungu cha chuma cha kutupwa asubiri dakika 45 hadi saa nzima, maana vitu hivyo hupokea joto kwa uvivu, kama vile vinavyolitoa.

Oveni ndogo za mezani, ambazo ndizo nyingi katika nyumba za kupanga hapa Kampala, zinahitaji maelezo ya peke yake. Kuta zake ni bati jembamba, hivyo zinafika kwenye joto upesi na kulipoteza upesi vilevile, na mtu anaweza kuipasha saa nzima asipate akiba ya maana kwa kuwa hakuna mahali pa kuiweka. Dawa yake ni kuipa uzito. Weka ndani trei nene ya chuma, au kikaango kizito kisicho na mpini wa plastiki, au matofali mawili membamba ya kuchoma yaliyo safi, kisha uipashe kwa dakika 30. Matofali yawe makavu kabisa, na mara ya kwanza yapashwe kwa moto mdogo, kwa sababu tofali lililonyonya maji linaweza kupasuka. Baada ya hapo ile oveni ya bati inakuwa na tabia ya ukuta wa matofali, na tofauti utaiona upande wa chini wa mkate siku hiyo hiyo.

Oveni yenye feni inazungusha hewa ya moto na kuikutanisha na mkate bila kukoma, kwa hiyo punguza nyuzijoto 20 kutoka zile zilizoandikwa kwenye maelekezo. Kwa oveni ya gesi yenye namba badala ya nyuzijoto, namba 4 ni kama 180, namba 6 ni 200 na namba 7 ni 220. Moto wake hutoka chini, na hivyo trei nzito huzuia mkate usiungue kitako. Nisisitize kitu kimoja kwa wanaotumia gesi: mlango uwe wazi wakati wa kuwasha, kiberiti kiwe tayari kabla hujafungua gesi, na moto ukikataa, funga gesi, acha mlango wazi dakika kadhaa ndipo ujaribu tena.

Kuna imani moja ambayo ningependa kuiondoa kwa sababu inaharibu mikate mingi. Watu wengi huzungusha kitufe hadi 250 ili oveni ipate 180 haraka. Themostati ni swichi, haina uwezo wa kuongeza nguvu ya koili. Ni kama kumtuma mtoto bombani na jerikani ya lita 20: ukimwambia aijaze pomoni badala ya kuishia nusu, maji hayatatoka kwa kasi zaidi, ila atakaa bombani muda mrefu zaidi. Koili ya wati 2,000 inatoa wati 2,000 uwe umeomba 180 au 250. Utakachopata ni kupita kiasi, kisha kusubiri ishuke. Lakini jambo linalofanana na hilo lina faida, na ndiyo maana wengi huyachanganya: kupasha oveni nyuzijoto 20 juu ya kiwango kinachotakiwa, kuingiza mkate haraka, kisha kurudisha kitufe mahali pake. Hapo unaongeza akiba ili kufidia hewa itakayotoka mlango ukifunguliwa.

Kasi ya koili hubadilishwa na umeme wenyewe. Umeme wa majumbani hapa Uganda umepangwa kuwa volti 240, ila jioni, kila nyumba ikiwa inapika, katika mitaa mingi volti hushuka. Zikishuka hadi 200, koili ya wati 2,000 haitoi tena hata wati 1,400, kwa kuwa nguvu inapungua kwa kasi kuliko volti zenyewe. Ule muda wa dakika 11 wa kupasha chuma unakuwa dakika 16 au zaidi. Basi yule jirani wa dakika 10 aliyefanikiwa Jumapili asubuhi na kushindwa Jumatatu jioni hakukosea chochote katika ngano wala hamira. Oveni yake ilikuwa na umeme wa aina mbili. Taa za nyumba zikiwa hafifu, ongeza theluthi ya muda.

Na gharama je? Kupasha oveni yenye koili ya wati 2,000 kwa dakika 25 hakuli umeme wa dakika zote 25, kwa sababu baada ya kufika joto linalotakiwa koili huzima na kuwaka kwa vipindi. Kwa hesabu yangu matumizi ni zaidi kidogo ya nusu uniti. Hiyo si bure, na sitamkebehi mtu anayeihesabu. Njia bora ya kuiokoa ni kuoka mikate miwili mfululizo, maana wa pili huikuta akiba tayari na kusubiri dakika tano tu. Kuingiza mkate katika oveni baridi pia kunawezekana kwa mkate wa tini, hasa kama donge halijaumuka kikamilifu, kwa sababu litaendelea kuumuka wakati oveni inapanda. Ongeza dakika 10 hivi katika muda wa kuoka. Kwa mkate wa mviringo njia hiyo ina hasara: donge litatandazika kabla joto halijafika.

Akiba hiyo ina faida nyingine ambayo vitabu vya nchi zisizo na tatizo la umeme haviitaji. Mwaka jana umeme ulikatika mtaani kwetu mkate ukiwa na dakika 20 ndani ya oveni. Sikufungua mlango. Nilikunja blanketi kuukuu, nikaliweka juu ya jiko mbali na matundu ya joto, nikasubiri dakika 35 gizani. Mkate ulitoka na rangi hafifu, lakini ukiugonga chini kwa kidole ulitoa mlio wa ngoma, na ndani ulikuwa umeiva. Oveni ilikuwa imepashwa dakika 30 kabla, na chuma chake kiliimaliza kazi peke yake.

Kosa la kawaida kuliko yote, hata hivyo, linahusu saa ya kuiwasha. Watu husubiri donge liumuke kabisa ndipo wawashe oveni, na donge halisubiri mtu. Hapa Kampala, jikoni kukiwa na nyuzijoto 26 au 27, dakika 25 za ziada zinatosha kulifanya livuke kiwango na kulegea, kisha likianguka lawama zinaiendea hamira. Bonyeza donge taratibu kwa kidole kilichopakwa ngano. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kubakiza alama ndogo, lilitakiwa kuwa linaingia sasa hivi. Oveni iwashwe kabla ya hatua hiyo, donge linapokuwa limefika theluthi mbili ya safari yake. Kabale, mji wa milimani ambako jioni huwa na baridi kali, donge huenda taratibu na mtu ana nafasi zaidi. Ni huko huko Kabale ambako asihangaike na maelekezo yanayotaka ndani ya mkate pafike nyuzijoto 98, kwa kuwa katika mwinuko ule maji huchemka kwenye 93 au 94 hivi, na kiini cha mkate chenye unyevu hakiwezi kupita kiwango hicho. Kwa Kampala maji huchemka karibu na 96. Mkate ukifika 93 ndani, umeiva.

Asiye na oveni asidhani hayo hayamhusu. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, ikafunikwa kwa kifuniko chenye makaa juu yake na kuwekwa kwenye sigiri, ni oveni kamili, na mchanga ndio ukuta wake. Ipashwe ikiwa tupu kwa dakika 30, mkate ukiwa kwenye tini uingie juu ya vijiwe vitatu ili usiguse mchanga, na makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Pawe mahali penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa.

Limebaki swali la kama kitufe chako kinasema kweli, kwa maana 180 ya kitufe inaweza kuwa 160 au 205 ndani. Kipimajoto cha kuning'iniza katikati ya oveni ndicho jibu bora, lakini asiyekuwa nacho anaweza kutumia sukari, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 186 hivi. Itafutwe sukari nyeupe iliyosafishwa, kwa kuwa ile ya kahawia tunayoitumia zaidi ina mabaki ya molasi yanayochanganya majibu. Pasha oveni hadi 175, weka kijiko kimoja cha sukari juu ya kipande cha karatasi ya foili, uiache dakika 15. Ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyodai. Ikibaki chembechembe, panda hadi 190, usubiri akiba ikae sawa, kisha weka kijiko kingine kwa dakika 15. Kikigoma kuyeyuka, oveni yako iko nyuma. Yangu iligoma kwenye 190, ikagoma kwenye 200, ikayeyuka kwenye 210. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu ya binti yangu, nikaweka nukta moja kwenye kitufe, na tangu siku hiyo mkate wa tini katika nyumba yetu huokwa kwenye ile nukta.